Rejista Haikuandika Njaa: Kisa cha Kaya Moja Ufukweni mwa Ziwa Victoria

Kisa hiki kilitokea katika kijiji kimoja cha mkoa wa Mwanza, kwenye zahanati niliyokuwa nikifanya kazi kama muuguzi. Nimeondoa jina la kijiji, la kata na la kisiwa kinachotajwa humu. Miaka naiita wa kwanza, wa pili na wa tatu, na umri wa watu nimeusogeza kidogo. Nakiandika kwa ajili ya wauguzi, watendaji wa vijiji na wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii. Kwa muda mrefu tulikuwa na jibu moja tu la kuwapa wakubwa wetu: hakuna aliyekufa kwa njaa hapa. Kwa mujibu wa rejista jibu hilo lilikuwa sahihi, na lilitupotosha karibu miaka miwili.

Usuli

Kaya ilikuwa na watu 14. Kulikuwa na mzee wa miaka sabini na kitu na mkewe, ambaye kijiji kizima kilimwita Mayu. Mtoto wao mkubwa alikuwa na mke na watoto wanne, wa mwisho akinyonya. Wa pili alikuwa na mke na watoto wawili. Walibaki kijana wa miaka 19 na binti wa miaka 18 aliyekuwa ameshachumbiwa. Walilima mahindi, mihogo na viazi vitamu, mpunga kidogo bondeni, na pamba ya kupata fedha. Walikuwa na ng'ombe wanane na mbuzi kadhaa.

Kwa kipimo cha kijiji hawakuwa maskini, na ndiyo sababu mojawapo ya kuwachagua. Kaya maskini zaidi ziliondoka mapema mno, kiasi kwamba hakuna aliyebaki wa kunisimulia.

Mihogo ndiyo akiba ya Usukuma mvua inapokataa. Inavumilia ukame, inakaa ardhini, unaing'oa kadiri unavyohitaji. Lakini kwa misimu kadhaa mihogo ya ukanda huu ilikuwa imeshambuliwa na magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia. Juu shina linaonekana zima, chini unakuta kiazi kimeoza kahawia. Basi kaya iliingia mwaka wa kwanza ikidhani ina akiba, kumbe ina majani.

Mwaka wa kwanza

Mvua za vuli zilichelewa, zikanyesha wiki chache, zikakatika Januari. Mahindi yalikauka yakiwa yanatoa mbelewele. Familia ikauza mbuzi, kisha ikaanza kuuza ng'ombe.

Mzee aligoma kuuza ng'ombe Oktoba, bei ilipokuwa nzuri. Alikuwa na sababu: ng'ombe wale ndio mahari ya kijana wa mwisho, na mwanamume asiye na ng'ombe hana la kusema mbele ya wenzake. Alipokubali Februari, kila mwenye zizi alikuwa ameshapeleka wake mnadani. Ng'ombe aliyekuwa na thamani ya magunia sita ya mahindi sasa alileta mawili. Mahindi yalikuwepo sokoni Mwanza mjini siku zote hizo. Kilichokosekana ni uwezo wa mkulima kuyafikia. Mchumi Amartya Sen alionyesha jambo hilohilo kuhusu njaa ya Bengal, katika India ya ukoloni, ya mwaka 1943, ambapo kibarua wa shambani alikufa njaa huku mchele ukiuzwa, kwa kuwa ujira wake haukuweza tena kuufikia.

Kijana wa miaka 19 aliaga mwezi wa tatu akaenda kisiwani kuvua dagaa. Kijijini hakuna aliyeuita uhamaji. Walisema ameenda kutafuta.

Mwaka wa pili

Mvua zikawa haba tena. Milo ikatoka miwili kwa siku ikawa mmoja, na wa asubuhi ukawa uji mwepesi. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, iliyokuwa imewekwa kwenye vihenge iliisha kabla ya Krismasi. Wanawake waliacha kuvundika mihogo michungu siku zile nne tano za kawaida hadi iote ukungu. Waliponda mibichi, wakaanika, wakaponda tena na kusonga ugali jioni ileile. Tukaanza kupokea watoto wenye kutapika na kizunguzungu usiku. Hilo lilitutia hofu kuliko yote, kwa sababu wilaya ya Tarime, ng'ambo ya mto Mara, ilipata mlipuko wa konzo mwaka 1985 wakati wa ukame kwa njia hiyohiyo: sumu ya sayanaidi iliyobaki kwenye mihogo iliwapoozesha miguu watoto na wanawake, na konzo haiponi. Tulizunguka nyumba kwa nyumba. Hatukupata hata mgonjwa mmoja wa konzo, nami nashukuru hadi leo.

Februari mzee alishikwa na homa na kikohozi, akafariki siku ya tisa. Rejista iliandika nimonia.

Baada ya arobaini kaya ilivunjika haraka. Mtoto wa pili alichukua mke na watoto wake wawili, akamfuata mdogo wake kisiwani, mkewe akapata kazi ya kuanika dagaa kwenye vichanja. Mtoto mkubwa aliswaga ng'ombe wawili waliosalia na kijana wake wa miaka 13 kuelekea Katavi, kwa ndugu waliokuwa wamehamia huko miaka mingi nyuma. Hii ni njia ya zamani ya Wasukuma: malisho yakiisha, watu na mifugo huteremka kusini. Harusi ya binti iliahirishwa bila tarehe, kwani upande wa mwanamume nao ulikuwa umeuza ng'ombe wa mahari.

Kati ya watu 14 nyumbani walibaki sita: Mayu, mke wa mtoto mkubwa na watoto wake watatu, na binti.

Maamuzi tuliyofanya, na kwa nini

La kwanza lilihusu orodha ya chakula cha msaada. Kikao cha kijiji kiliamua kuhesabu wanaolala kijijini tu. Nilikuwepo na niliunga mkono. Kulikuwa na sababu ya haki: baadhi ya kaya ziliandikisha watu ambao hawakuwa wameonekana kwa miaka. Lakini kisiwani wageni wa kambi hawakuandikwa popote. Wale watu wanne wa kaya hii, na kijana aliyewatangulia, hawakuwa wa huku wala wa kule. Kadi ya kliniki ya mtoto mdogo wa wale wanne ilibaki kwa Mayu, ndani ya kabati la vyombo.

La pili lilihusu akina mama wajawazito. Katikati ya mwaka wa pili, hudhurio la kwanza la kliniki ya wajawazito lilianza kupungua mwezi hadi mwezi. Sisi tulikuwa tumetoka kuendesha kampeni ya uzazi wa mpango. Tuliandika kwenye taarifa kwamba kampeni inazaa matunda. Niliandika mwenyewe, kwa mkono wangu, na niliamini.

La tatu lilikuja kwa kuchelewa. Mwezi wa nane mama mmoja aliyerudi kutoka kisiwani aliniambia kwa kupita tu kwamba kule surua imezika watoto. Nikamwendea Mayu. Nilimkuta anapepeta chuya.

"Mwangaluka, Mayu."

"Mwangaluka, mwanangu. Karibu."

Nikamwomba anitajie waliolala katika nyumba yake siku ya Nane Nane ya mwaka uliotangulia njaa. Hakunitajia kwa mdomo. Aliokota kokoto 14, akazipanga juu ya mkeka, kisha akaanza kuzisogeza: hii Katavi, na hii, hizi tano kisiwani, hii kaburini. Halafu akachukua moja kati ya zile tano za kisiwani, akaiweka kando ya ile ya mzee.

Mtoto mdogo wa yule mtoto wa pili, aliyekuwa akikaribia miaka miwili, alikuwa amekufa mwezi wa sita. Alipata surua, kisha akaharisha. Walimzika hukohuko. Chanjo ya pili ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi 18. Yeye aliondoka kijijini akiwa na 17.

Kutoka pale tulifanya maamuzi mawili ambayo nayasimamia mpaka sasa. Tulirudia zoezi la Mayu kaya kwa kaya: nani alilala hapa siku ile, nani ameondoka na kwenda wapi, nani amekuja, nani amezaliwa, nani amekufa na amefia wapi. Wala si uvumbuzi wetu. Pale Kisesa, wilaya ya Magu, watafiti wamekuwa wakirudi kwenye kaya zilezile kuhesabu hivyo tangu mwaka 1994. Sisi tulikuwa na daftari la mistari na wahudumu wanne wenye baiskeli. Umri wa watoto wasio na kadi tuliukadiria kwa matukio, na mara nyingine kwa majina, kwani huku mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha huitwa Mabula au Kabula, na mama atakwambia ni mvua ipi.

Pili, tulihamishia siku ya chanjo, na ya kupima unene wa mkono wa watoto ili kuona utapiamlo, kwenye mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga, tukaifunga na mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi inapotawala, wavuvi wa dagaa hupumzika, na familia nyingi za kambini huvuka kuja bara. Awali siku yetu ya chanjo ilikuwa Jumanne ya pili ya kila mwezi, tarehe isiyo na maana yoyote kwa mtu wa ziwani.

Matokeo

Mvua za mwaka wa tatu zilikuwa nzuri. Machi mahindi yalikuwa yanapita kiuno, na watu wakaanza kusema njaa imekwisha. Aprili alikufa mtoto wa mwisho wa yule mtoto mkubwa, aliyekuwa bado ananyonya. Malaria.

Kifo hicho kilimchanganya mama yake kuliko angekufa mwaka uliopita. Aliniuliza kwa nini wakati huu, chakula kikiwa kinaonekana shambani. Nilimjibu vibaya siku ile, kwa sababu nilikuwa sijui.

Baada ya mavuno binti aliolewa. Mtoto mkubwa alikuja kutoka Katavi kusaidia kuvuna, akakaa wiki sita, akarudi. Mtoto wa pili na mkewe walirejea kutoka kisiwani na mtoto mmoja. Kijana wa mwisho alibaki huko. Katika miezi 15 iliyofuata familia hii moja ilipata watoto watatu: wa mke wa mtoto mkubwa, wa mke wa mtoto wa pili, na wa binti.

Kijiji kizima kilikwenda hivyo. Zahanati ililemewa. Tulikuwa tumeagiza vifaa vya kujifungulia kwa kufuata hesabu za mwaka wa pili, na kuna usiku ambao akina mama wawili walijifungua kitanda kimoja, mmoja baada ya mwingine, kwa tochi.

Uchambuzi: vifo

Kwanza niweke jambo sawa. Kwa vipimo vinavyotumika kimataifa, kijiji chetu hakikufikia baa la njaa. Kutangaza baa la njaa huhitaji kaya moja kati ya tano ziwe zimekosa chakula kabisa, zaidi ya asilimia 30 ya watoto wawe na utapiamlo mkali, na vifo viwili kwa siku katika kila watu 10,000. Kwa kijiji cha watu 3,000 hiyo ni kama vifo 18 kwa mwezi. Hatukukaribia hapo. Hata hivyo njia ambazo njaa hupitia ni zilezile, kubwa au ndogo.

Njaa huua kwa mkono wa magonjwa. Katika njaa kubwa ya Ireland iliyoanza mwaka 1845, walikufa watu wapatao milioni moja, wengi wao kwa homa za chawa, kuhara damu na magonjwa mengine. Mwili usio na chakula hupoteza kinga. Surua ambayo mtoto aliyeshiba angeipita inamwondoa. Ndiyo maana rejista yetu ilijaa nimonia, malaria na kuhara, na kila mstari ulikuwa wa kweli. Swali tulilopaswa kujiuliza ni kama mistari hiyo imekuwa mingi kuliko kawaida ya miezi ileile. Hatukulinganisha.

Wanaotangulia ni watoto wa chini ya miaka mitano na wazee. Njaa ya Somalia ya mwaka 2011 iliua zaidi ya watu 250,000, na karibu nusu yao walikuwa watoto wa umri huo. Wanaume nao kwa kawaida hufa zaidi ya wanawake. Katika kaya hii mzee alikwenda, Mayu akabaki.

Na kuhusu swali la yule mama: vifo havisimami mvua inaponyesha. Bengal watu waliendelea kufa kwa wingi mwaka 1944, mavuno yakiwa yamekwisha kuingia, na malaria ndiyo iliyoongoza. Mvua inayootesha mahindi inajaza madimbwi, mbu wanazaana, nao wanakuta miili iliyochoka. Tungejua hivyo, Machi tungekuwa tunagawa vyandarua na kupima homa mlango kwa mlango. Badala yake Machi ndipo tulipofunga daftari la njaa.

Uchambuzi: uzazi

Hapa ndipo tulipokosea zaidi, na ndipo pasipoonekana kirahisi, kwa kuwa mtoto asiyetungwa mimba hana kaburi.

Mimba hupungua kwa njia kadhaa kwa pamoja. Mwanamke aliyekonda sana hukosa hedhi, au huipata bila yai kupevuka. Mume yuko Katavi, mke yuko Mwanza. Harusi zinaahirishwa. Mimba nyingine zinaharibika. Na mama mwenye mtoto mchanga, asipokuwa na cha kumlisha, hunyonyesha zaidi, jambo linalozuia mimba kwa muda. Uholanzi, katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, Wajerumani walipozuia chakula kuingia miji ya magharibi, uzazi ulishuka hadi karibu nusu miezi tisa baadaye. Wale hawakuwa wamepata kampeni yoyote ya uzazi wa mpango.

Miezi tisa ndiyo ufunguo. Wajawazito wanaoanza kliniki wanapungua kwanza, wanaojifungua wanapungua baadaye. Kushuka kwa hudhurio la kwanza kungekuwa kengele yetu ya mapema, kabla hata ya vifo. Sisi tuliona ni sifa.

Kisha uzazi hurudi kwa kishindo. China baada ya njaa ya 1959 hadi 1961 iliona uzazi ukiruka, na mwaka 1963 ukawa juu kuliko kabla ya njaa. Watu wengine husema wazazi wanajaza pengo la waliokufa, na kwa baadhi ni kweli. Lakini mwili una hesabu yake pia. Yule mama aliyefiwa na mtoto wa kunyonya aliacha kunyonyesha ghafla, hedhi ikarudi ndani ya miezi michache. Wanawake ambao kwa kawaida wangekuwa na mimba au wananyonyesha, sasa wote wako tayari kwa wakati mmoja, na harusi za miaka miwili zinafungwa ndani ya msimu mmoja. Asiyejua hivyo atasema wanawake wamekataa uzazi wa mpango. Kwetu yalisemwa hayo, kikaoni, mbele yao.

Uchambuzi: uhamaji

Uhamaji ndio uliovuruga hesabu zote mbili za kwanza. Mtoto aliyefia kisiwani hakuhesabiwa kijijini kwa kuwa hakuwepo, wala kisiwani kwa kuwa hakuwa wao. Kijiji kilichopoteza watu kilionekana chenye afya kuliko kilivyokuwa.

Tena hawaondoki wote kwa mpigo. Anaanza kijana asiye na mke, peke yake. Akishapata pa kulala, familia changa inamfuata. Mwenye mifugo anakwenda upande wake. Anayebaki ni bibi, mama mwenye watoto wengi, na binti anayesubiri. Ukiingia kijijini wakati huo unakuta chakula kinagawanywa kwa watu wachache, na unaweza kudhani hali imetulia. Huko walikokwenda nako kuna hatari yake: kambi za wavuvi zina vibanda vilivyobanana, maji ya ziwa yasiyochemshwa na vyoo vichache, mazingira ambayo surua na kuhara huyapenda.

Siku ya chanjo ya mbalamwezi ndiyo kazi yetu iliyofaulu wazi. Watoto wa kambini walianza kuja, tena wengi wao hawakuwa na kadi yoyote. Hesabu ya kokoto nayo ilifaulu, ingawa ilichelewa. Ingefanywa mwaka wa kwanza, mwezi ule kijana alipoaga, tungeziona zile kokoto tano zikisogea na tungempa mtoto chanjo kwenye mwalo upande wa pili. Kufuta majina ya walioondoka ndiko nisikoweza kukutetea. Orodha ilipaswa kuwa na safu ya tatu, ya waliopo kwingine na wapi hasa.

Ireland ilikuwa na watu zaidi ya milioni 8 mwaka 1841. Vifo vya njaa vilikoma, watoto wakaendelea kuzaliwa, lakini kuondoka hakukukoma, na kufikia mwaka 1911 walikuwa hawafiki milioni 4 na nusu. Njia ikishafunguliwa na ndugu kutangulia, mvua nzuri haiifungi.

Mtoto mkubwa wa Mayu sasa ana shamba Katavi, na ng'ombe wake wamefika saba. Yule kijana wake aliyeondoka na miaka 13 ameoa hukohuko. Mwezi uliopita mke wa mtoto mkubwa alifika ofisi ya mtendaji kuomba barua ya uhamisho wa shule kwa watoto wawili. Mayu alikuja naye, akakaa kwenye benchi nje hadi barua ilipogongwa muhuri.